Chanya ya Kaswende: Kipimo Kinaona Nini Hasa?

Mafinga ni mji wa barabarani. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inaupasua katikati, malori yanalala hapo, mbao za msitu wa Sao Hill zinapakiwa hapo, na wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Mufindi hushukia hapo wakipata mshahara. Pana kambi ya JKT, nyumba za wageni, baa, na vijana waliokuja kutafuta kazi ya kupasua na kupakia mbao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Mkoa wa Iringa ni asilimia 11.3, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Mahali penye sifa kama hizo, kipimo cha kaswende kikisoma chanya hakuna anayekihoji. Mume anaamini, mama mkwe anaamini, na mara nyingi hata mwenye damu anaanza kuamini, ingawa maisha yake anayajua mwenyewe.

Nasema hivi mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: jibu moja la chanya ni sababu tosha ya kumchoma mjamzito sindano ya penisilini siku hiyohiyo. Jibu hilohilo ni ushahidi hafifu mno wa kuamua nani katoka nje ya ndoa. Kliniki zetu hufanya la kwanza vizuri. La pili hufanyika lenyewe, nyumbani, jioni, pasipo mtaalamu yeyote wa kulizuia, na wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa sababu wao ndio wanaopimwa kwanza.

Kwanza tujue kipimo kinatazama nini. Kaswende huletwa na bakteria mwembamba aliyejisokota, Treponema pallidum, aliyetambuliwa na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann mjini Berlin mwaka 1905. Mwaka uliofuata August von Wassermann, pamoja na Albert Neisser na Carl Bruck, wakatangaza kipimo cha damu. Walichukua ini la mtoto aliyekufa kwa kaswende tumboni mwa mama, wakitumaini kwamba bakteria waliojaa humo watanasa kingamwili zilizomo katika damu ya mgonjwa. Kipimo kikafanya kazi. Haikupita muda watafiti wengine wakagundua kuwa hata ini la mtu asiye na kaswende linafaa, na moyo wa ng'ombe mzima wa afya unafaa vilevile. Kumbe kipimo hakikuwa kikimwona bakteria kabisa. Kilikuwa kikiona kingamwili dhidi ya aina ya mafuta, ambayo mwaka 1941 Mary Pangborn, mwanakemia wa New York, aliyasafisha kutoka kwenye moyo wa ng'ombe na kuyaita kadiolipini.

Mafuta hayo yamo ndani ya chembehai zetu wenyewe. Kaswende inapoharibu chembehai, mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake, na hizo ndizo zinazopimwa. VDRL iliyokuja mwaka 1946, na RPR iliyofuata, ni watoto wa kipimo kile cha Wassermann. Kwenye kadi nyingi za kliniki na midomoni mwa wahudumu jina VDRL limebaki hadi leo, hata pale ambapo kilichofanyika ni kipimo kingine.

Basi lolote linalovuruga kinga au kuharibu chembehai kwa wingi linaweza kuzalisha kingamwili hizohizo pasipo kaswende: malaria, kifua kikuu, ukoma, homa ya ini, VVU, chanjo za karibuni, uzee, na ujauzito wenyewe. Nyingine hupotea ndani ya miezi sita, homa iliyozileta ikishapona. Nyingine hubaki miaka. Katika vitabu vya tiba inakadiriwa kuwa mtu mmoja au wawili katika kila mia wasio na kaswende hutoa jibu la namna hiyo. Ukiutazama mji wa Mafinga utaona kwamba mambo mengi ya orodha hiyo yamo humo. Malaria si nyingi kwenye baridi ya Mufindi, lakini dereva wa lori na mkewe wanaishi kati ya nyanda za juu na joto la Morogoro, VVU iko, kifua kikuu kinafuatana nayo. Na kliniki ya wajawazito, kama jina lake linavyosema, inapima wajawazito watupu.

Asilimia mbili inaonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu. Mwaka 2011 upimaji wa kitaifa katika kliniki za wajawazito ulikuta kaswende kwa asilimia 2.5 ya akina mama. Tuchukue wajawazito 1,000 na tuseme 25 kati yao wanaumwa kweli, na RPR imewakamata wote, jambo ambalo ni ukarimu kwa kipimo. Wamebaki 975 wazima. Asilimia mbili yao ni kama 20. Mwisho wa siku kitabu cha maabara kina majina 45 ya chanya, na karibu nusu ni ya watu wasio na ugonjwa. Sasa tuseme juhudi za miaka zimefaulu, na wagonjwa wamepungua hadi 10 katika 1,000. Wale 20 hawapungui. Katika kila chanya tatu, mbili ni za uongo. Ugonjwa ukipungua, thamani ya jibu moja la chanya inashuka pamoja nao, na mhudumu aliyezoea hali ya miaka ishirini iliyopita ataendelea kuliamini jibu kwa kiwango kilekile. Kwa maoni yangu hesabu hii ingestahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha ushauri.

Miaka ya karibuni zahanati nyingi zimehama kutoka RPR kwenda kwenye vipimo vya haraka, vile vya tone la damu ya kidoleni na mistari miwili, na Shirika la Afya Duniani limehimiza kipimo kinachosoma VVU na kaswende kwa pamoja. Hii ni hatua kubwa. Zahanati ya kijijini isiyo na umeme wala mtaalamu wa maabara sasa inaweza kumpima mama na kumtibu kabla hajaondoka. Vipimo hivi havitazami mafuta. Vinatazama kingamwili za treponema mwenyewe, kwa hiyo malaria na ujauzito havivisumbui sana.

Lakini vimekuja na tatizo la aina nyingine, na ndilo ninaloona linaumiza watu wengi zaidi sasa. Kingamwili za treponema, kwa watu wengi, hazitoki tena. Mtu aliyeugua kaswende mwaka 2012, akachomwa sindano, akapona kabisa, atasoma chanya kwenye kipimo cha haraka leo, na pengine maisha yake yote. Ni kama kovu la kidonda kilichofunga zamani. Kipimo kimesema kweli kwamba treponema aliwahi kuwamo. Kimenyamaza kuhusu lini, na kama bado yumo. Kitaalamu hiyo haiitwi chanya ya uongo. Kwa mama aliyetibiwa kwenye mimba ya kwanza akiwa Makambako, akaolewa upya Mafinga, na leo yuko kliniki kwa mimba ya pili huku mume mpya amekaa kwenye benchi la nje, ni uongo mtupu, maana jibu linasomwa kama habari ya mwaka huu. Ile kadi ya mimba ya kwanza ilishaliwa na panya au imebaki kwa wakwe wa zamani. Hana cha kuonyesha.

Hapo ndipo RPR ya kizamani, pamoja na kasoro zake zote, inapohitajika tena. Mtaalamu wa maabara anaweza kuizimua damu hatua kwa hatua, mara mbili, mara nne, mara nane, mara kumi na sita, na kuona inaacha kuitikia wapi. Damu inayoitikia hata ikizimuliwa mara 32, yaani 1:32, ina habari nzito. Inayoishia 1:1 au 1:2 inaweza kuwa kovu, inaweza kuwa malaria ya mwezi uliopita, na inaweza pia kuwa kaswende ya siku nyingi iliyotulia. Ukipima tena baada ya miezi, kiwango kikishuka mara nne, tuseme kutoka 1:16 hadi 1:4, dawa imefanya kazi. Kikipanda mara nne, kuna maambukizi mapya au ugonjwa umerudi. Kipimo cha haraka hakiwezi kukuambia lolote kati ya hayo. Vipimo viwili vya aina mbili, na namba ya kiwango, ndivyo vinavyokaribia kuwa jibu.

Hili halikubuniwa Ulaya na kuletwa kwetu kama nadharia. Mkoani Mbeya, miaka ya mwanzo ya 2000, ulifanyika utafiti uliokuja kusomwa na madaktari dunia nzima ulipochapishwa mwaka 2005. Ulilinganisha vidonge vya azithromaisini na sindano ya benzathini penisilini kwa watu 328 waliopatikana kwa kupima makundi yaliyo hatarini zaidi. Ni 25 tu waliokuwa na kidonda. 303 walitambuliwa kwa damu peke yake. Je, watafiti hao walimkubali mtu kwa kuwa kipimo kimesoma chanya? La. Kwa hao 303 walitaka RPR isiyopungua 1:8, nayo ithibitishwe na TPHA, kipimo cha aina ya pili, kile kinachotazama kingamwili za treponema mwenyewe. Dawa zote mbili zilionekana kuponya watu tisini na tano katika mia au zaidi, lakini kinachonigusa mimi ni lile sharti la kuingia. Katika nyanda hizihizi, kwa watu ambao kila mmoja angedhani wanaumwa, sayansi ilidai ushahidi wa namna mbili na kiwango cha juu kabla ya kusema huyu ana kaswende. Mama wa Mafinga anastahili uangalifu huohuo kabla ya watu kulisema jina lake.

Msomaji anaweza kuuliza: kama jibu halitoshi, kwa nini achomwe sindano siku ileile? Kwa sababu kule Mwanza tumeona gharama ya kungoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wanawake ambao hawakupimwa wala kutibiwa kaswende wakati wa ujauzito. Katika 73 waliokuwa na kaswende hai yenye kiwango cha juu, 18 walijifungua watoto wafu. Ni robo. Watafiti walikadiria kuwa nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu katika kundi hilo la wanawake walikufa kwa sababu ya kaswende. Sehemu ya pili ya kazi hiyohiyo ilionyesha kwamba akina mama waliopimwa na kuchomwa dozi moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, hawakuwa tena na hatari kubwa kuliko wasio na ugonjwa. Sindano moja chungu ya takoni, ya bei ndogo, iliyofuta hatari hiyo yote. Madhara yake makubwa ni mzio, nao ni wa nadra na mhudumu aliyeandaliwa anaweza kuukabili. Ukiwachoma wanawake ishirini wasiohitaji ili usimkose mmoja anayehitaji, umefanya kazi nzuri. Mimi sina mashaka hata kidogo na mwongozo wa kutibu kwanza.

Mashaka yangu yapo kwenye maneno yanayofuata sindano. Kilicho kizito katika jibu la uongo kwa mjamzito si dawa aliyopewa. Ni sentensi aliyopewa aende nayo nyumbani. “Mama, una kaswende, mwambie baba aje naye apimwe.” Mhudumu mwenye foleni ya watu arobaini anaisema kwa nia njema kabisa, na kweli baba anatakiwa apimwe na atibiwe. Ila baba anasikia jambo jingine. Akija, akapimwa, akasoma hasi, basi mambo yameharibika: kwa macho ya nyumba hiyo imethibitika kuwa ugonjwa ulianza kwa mke. Wakati ukweli unaweza kuwa kwamba hakuna mwenye ugonjwa, au kwamba mke aliugua na kupona kabla hawajajuana, au alizaliwa nao, maana kaswende hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tena mume hasi hathibitishi chochote kuhusu mke: kaswende ya muda mrefu haiambukizi tena kwa ngono kwa urahisi, na mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka bila kumpa.

Maneno bora yapo na si marefu. “Mama, kipimo hiki cha kwanza kimeitika. Kinaweza kuwa ugonjwa wa sasa, wa zamani uliokwisha, au kitu kingine kabisa. Kwa ajili ya mtoto tunakuchoma leo, hatungoji. Damu nyingine tunaipeleka hospitali wapime kiwango. Baba naye tunaomba apimwe, kama tunavyowapima akina baba wote.” Nimeyaandika kama yanavyoweza kusemwa kwenye chumba chenye mlango usiofunga vizuri. Hakuna neno la kitaalamu humo, na hakuna aliyeshtakiwa.

Kuna kundi moja la wanawake ambao chanya ya uongo kwao ni habari ya thamani, na inapuuzwa. Mnamo 1952 madaktari wa Marekani, Joseph Moore na Charles Mohr, waliandika kuhusu watu waliokuwa wakisoma chanya miaka nenda rudi bila kaswende. Baadhi yao baadaye waliibuka na magonjwa ya kinga kujishambulia yenyewe, hasa lupasi. Miaka ya 1980, London, Graham Hughes na wenzake wakaeleza hali ambayo kingamwili dhidi ya mafuta ya mwili, zikiwemo zile za kadiolipini, huifanya damu igande ovyo. Mwenye hali hiyo hupata kiharusi akiwa kijana, mguu kuvimba kwa damu iliyoganda, na mimba kuharibika moja baada ya nyingine kwa kuwa kondo la nyuma limezibwa. Fikiria sasa mwanamke anayepoteza mimba ya tatu, na kila mimba VDRL inasoma chanya. Kila mhudumu atasema sababu ni kaswende, atamchoma penisilini, na mimba ya nne itatoka vilevile. Dawa yake ilikuwa aspirini ndogo na heparini. Kilichoweza kuwaonyesha njia ni kipimo cha aina ya pili kusoma hasi, hilo tu. Mimba kutoka mara kwa mara na VDRL chanya na TPHA hasi, vikikutana kwa mtu mmoja, apelekwe hospitali ya rufaa, Mbeya au Iringa, bila kuzungushwa.

Wazee wana kisa chao. Kabla ya penisilini, Afrika Mashariki yenye joto na unyevu ilijaa buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa uliowapata watoto kwa kugusana tu wakicheza. Bakteria wake ni ndugu wa karibu mno wa yule wa kaswende, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoweza kuwatenganisha. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwachoma watu wengi sindano za bizmuthi miaka ya 1920, na kuanzia 1952 hadi 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni ya penisilini iliyoshusha buba duniani kwa takriban asilimia 95. Babu aliyekulia pwani au kando ya Ziwa Nyasa enzi hizo anaweza kusoma chanya leo akipimwa kabla ya upasuaji, na asiwe na lolote la kuwaficha wajukuu. Kwa binti wa miaka ishirini na mbili maelezo haya hayafai, na mhudumu asiyatumie kumtuliza.

Uganda ilionja kwa ukubwa wa taifa matokeo ya kosa la kuchanganya magonjwa haya mawili. Mwaka 1907 na 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Baganda wana kaswende, akalaumu kulegea kwa maadili na hasa uhuru mpya wa wanawake. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Miongo kadhaa baadaye madaktari na wanahistoria waliorejea kumbukumbu hizo walihoji kwamba mengi ya yaliyohesabiwa yalikuwa ugonjwa wa utotoni wa jamii ya buba. Jamii nzima ilikuwa imehukumiwa kwa uzinzi, na sheria za kuwakagua watu miili zikafuata.

Maabara nayo ina makosa ya mikono. RPR inataka kadi izungushwe mara 100 kwa dakika, kwa dakika nane kamili, katika chumba chenye nyuzi joto 23 hadi 29. Asubuhi ya Juni, Mafinga haifiki huko bila kupasha chumba joto. Baridi hufanya kipimo kisinzie na kukosa wagonjwa, na chumba chenye joto kupita kiasi huzalisha chanya zisizokuwepo. Kadi ikiachwa ikakauka kidogo, chembechembe hujikusanya na kufanana na chanya. Kipimo cha haraka kikisomwa baada ya muda wake kupita kwa sababu mhudumu aliitwa chumba cha kujifungulia, mstari hafifu unaweza kujitokeza. Hayo hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji saa ya ukutani, kipimajoto, na mtu wa pili wa kutazama.

Uzito wa ushahidi unategemea utakachoufanyia. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa kwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na chupa yoyote yenye mashaka hutupwa. Ni sahihi, kwani chupa haina mume wala jina mtaani. Mwanafunzi aliyeitoa aambiwe tu kwamba damu yake inahitaji kipimo cha pili. Anayepimwa ili akafanye kazi Ghuba, ambako kaswende imo katika orodha ya vipimo vya afya, anapoteza safari na fedha alizokopa kwa jibu moja; huyo adai TPHA na kiwango cha RPR kwa maandishi kabla hajakubali kurudishwa nyumbani.

Na mjamzito aondoke na maandishi. Neno “chanya” peke yake kwenye kadi halitoshi: iandikwe kipimo gani kilitumika, kiwango kilikuwa ngapi, tarehe ya kila sindano, na kiwango baada ya miezi. Apige picha kwa simu, kadi huoza. Miaka mitatu baadaye, akiwa na mimba nyingine katika zahanati ya Ilula ambako hakuna anayemjua, kipimo cha haraka kitaitika tena, na nesi atasoma hapo kwamba mwaka ule ilikuwa 1:16, ikatibiwa, ikashuka hadi 1:2. Atatuma damu ilinganishwe na namba hiyo, na mazungumzo na mume yataanzia kwenye namba.